Re: Soko limeshuka, niache kutredi (kununua na kuuza hisa) kwanza?
Ndugu, usiache, ila punguza dau. Hatarisha 1% ya mtaji kwa kila biashara, maana ukipoteza 50% utahitaji faida ya 100% kurudi ulipokuwa. Soko likipanda kila mtu hujiona fundi. Likishuka ndipo utajua kama stop losi yako (bei uliyopanga kutokea ili hasara isizidi) unaiheshimu kweli. Andika daftari: kwa nini uliingia, ulitoka kwa bei gani, ulijisikiaje. Hilo la mwisho usilidharau hata kidogo!

Kisha fungua chati ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani. Mwishoni mwa 2008 ilipanda zaidi ya 20%, wengi wakadhani balaa limekwisha, ikaporomoka tena hadi Machi 2009. Pitia mshumaa (alama ya bei ya kipindi kimoja kwenye chati) mmoja mmoja, ukijiuliza ungefanya nini pale.