Maswali ya Wasomaji: Wi-Fi ya Wageni na Msimbo wa Ukutani

Maswali ya safari hii yametoka Mwanza mjini na ng'ambo ya maji, na yote yanazunguka jambo moja: mgeni aelekeze kamera ya simu kwenye karatasi, aingie kwenye Wi-Fi, bila mwenyeji kumtajia pasiwedi herufi kwa herufi.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba 6 Isamilo. Kila anayefika anaomba pasiwedi, nayo ni ndefu. Wenzangu wamebandika karatasi yenye msimbo wa QR. Nianzie wapi, na je, ni salama?
*Mama wa Isamilo*

Mama, karatasi iwe ya mwisho. Anza na rauta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi.

Msimbo wa QR hauifichi pasiwedi. Unaiandika tu kwa vimiraba badala ya herufi. Ndani ya msimbo wa Wi-Fi mna mstari wa maandishi wa namna hii:

WIFI:T:WPA;S:Wageni-Isamilo;P:SatoUgali2468;;

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni pasiwedi yenyewe. Anayepiga picha karatasi hiyo ameondoka na pasiwedi yako, na akirudi mwezi ujao akasimama nje ya geti bado ataingia. Zaidi ya hapo, simu ya Android iliyokwisha kuunganishwa inaweza kutoa msimbo wake yenyewe na kumpa mtu wa tatu. Kwa hiyo mtandao unaotumiwa na familia usiubandike ukutani kabisa. Tengeneza mtandao wa pili wa wageni katika rauta hiyo hiyo, ubandike huo.

Unganisha simu au kompyuta na rauta, fungua kivinjari na uandike anwani ya rauta. Kwa TP-Link nyingi ni tplinkwifi.net au 192.168.0.1, kwa rauta za Huawei za kutumia laini ya simu mara nyingi ni 192.168.8.1. Ikikataa, geuza rauta usome stika ya chini. Ukishaingia, jambo la kwanza badilisha pasiwedi ya uongozi wa rauta, ile ya kuingilia kwenye mipangilio. Iliyotoka kiwandani inajulikana au imeandikwa kwenye stika hiyo hiyo, na rauta nyingi hukaa sebuleni ambapo mgeni yeyote anaweza kuigeuza.

Kisha tafuta sehemu iliyoandikwa "Guest Network". Washa ya 2.4 GHz, masafa yanayoshikwa hata na simu za bei nafuu. Ipe jina fupi lisilo na nafasi katikati, chagua ulinzi wa WPA2, na pasiwedi ya herufi na tarakimu zisizopungua 12 (WPA2 inakubali kuanzia 8 hadi 63). Hapo utaona visanduku viwili: kimoja kinaruhusu wageni kuonana wao kwa wao, kingine kinawaruhusu kufikia mtandao wako wa ndani. Acha vyote viwili bila alama. Hapo ndipo ulinzi wenyewe ulipo: mgeni atapata intaneti, lakini hataiona runinga yako, printa yako wala mashine inayorekodi kamera za ulinzi. Ukiwa bado kwenye mipangilio ya rauta, zima WPS, njia ya kujiunga kwa kitufe au namba badala ya pasiwedi. Ile namba yake ya tarakimu 8 ilionekana kuwa dhaifu tangu 2011.

Sasa msimbo. Unganisha simu yako na mtandao wa wageni. Kwenye Android 10 na kuendelea, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa alama ya gia kando ya jina la mtandao, kisha "Shiriki". Simu itakuomba alama ya kidole au PIN, halafu msimbo utatokea. Simu nyingine zinautoa ukigusa tu jina la mtandao uliounganishwa. Kwenye iPhone yenye iOS 18, fungua programu ya Passwords, ingia sehemu ya Wi-Fi, chagua mtandao, utakuta njia ya kuonyesha msimbo. Piga picha ya skrini, ipeleke stesheneri ikachapwe.

Chini ya msimbo andika pia jina la mtandao na pasiwedi kwa maandishi makubwa. Wengi wanasita hapo, lakini kuficha herufi hakukulindi chochote, maana msimbo wenyewe umeshazibeba. Na mgeni mwenye kompyuta mpakato atazihitaji.

Kabla ya kubandika, jaribu kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye mtandao huo. Kama huna, iambie yako isahau mtandao kwanza, vinginevyo itajiunga kwa kumbukumbu na utadhani msimbo ni mzima. Badilisha pasiwedi na karatasi kila baada ya muda unaokufaa. Mara moja kwa mwezi si kazi kubwa kwa vyumba 6. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kumtoa mgeni aliyekwisha kuondoka. Kumzuia kwa anwani ya kifaa chake hakutoshi, kwa sababu tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya bandia kwa kila mtandao, na mtu anaweza kuibadili.

Shikamooni. Nilitengenezea msimbo wangu kwenye tovuti ya bure. Ulifanya kazi wiki mbili, sasa ukisomwa unafungua ukurasa unaodai nilipie. Nimekosea wapi?
*Kijana wa Nyakato*

Marahaba. Tovuti ile haikukupa msimbo wa Wi-Fi. Ilikupa msimbo wa kiungo, unaompeleka mgeni kwenye ukurasa wao, na ukurasa huo wanaufunga wakitaka. Msimbo halisi wa Wi-Fi hauna tarehe ya mwisho na hauhitaji intaneti kusomwa. Haiwezekani uhitaji, maana mgeni anausoma ili aipate hiyo intaneti.

Tumia simu yako kama tulivyomweleza mama wa Isamilo. Kama simu ni ya zamani, nenda kwenye kompyuta yoyote yenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, toleo la 6.4 au jipya zaidi. Ndani ya Writer, sehemu yake ya kuandikia barua, kwenye menyu ya kuingiza vitu, mna kitengeneza misimbo ya QR kinachofanya kazi bila mtandao. Andika ule mstari unaoanza na WIFI: kama ulivyo, ukiweka jina na pasiwedi yako. Usisahau nukta mkato mbili (;;) za mwisho. Hivyo pasiwedi yako haijapitia kwa mtu yeyote.

Tumepanga nyumba wanafunzi wanne Malimbe. Simu mbili zikisoma msimbo zinaingia, nyingine zinaonyesha jina la mtandao halafu zinasema imeshindikana kuunganisha. Msimbo si ni ule ule?
*Mwanafunzi, Malimbe*

Msimbo ni ule ule, simu ndizo zinazotofautiana. Kagua mambo haya kwa mpangilio, kwa sababu la kwanza ndilo la kawaida zaidi.

Masafa. Simu nyingi za bei nafuu zinashika 2.4 GHz peke yake. Ikiwa mtandao uliomo kwenye msimbo ni wa 5 GHz, simu hizo haziuoni kabisa hata zikikaa juu ya rauta; jina zinaloonyesha zimelisoma kwenye msimbo tu. Tazama kama jina lina "5G" mwishoni. Rauta nyingi huutaja hivyo mtandao wa 5 GHz. Washa 2.4 GHz na utengeneze msimbo wa jina hilo.

Ulinzi. Rauta iliyowekwa WPA3 peke yake inazifungia nje simu za kabla ya Android 10 na iOS 13. Chagua WPA2, au ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Alama kwenye pasiwedi. Kama mliandika mstari kwa mkono na pasiwedi ina nukta mkato, koma, nukta pacha, alama ya kunukuu au mkwaju wa nyuma, kila moja lazima itanguliwe na mkwaju wa nyuma (\). Pasiwedi ya Nyegezi;77 inaandikwa Nyegezi\;77. Bila hivyo simu inadhani pasiwedi imeishia kwenye "Nyegezi". Simu nyingine huvumilia kosa hilo na nyingine hazivumilii, ndiyo maana mnaona mbili zinaingia. Rahisi zaidi ni pasiwedi ya herufi na tarakimu tupu.

Herufi kubwa na ndogo katika jina la mtandao ni vitu tofauti, na nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina nayo inahesabika. Mtandao uliofichwa jina unahitaji kuongezewa H:true; kwenye mstari, ingawa kuuficha hakuongezi usalama wa maana, ufunueni tu.

Mwisho, huenda nafasi zimejaa. Rauta ndogo za kubeba mfukoni zina kikomo cha vifaa, nyingi 10 hivi, na wanafunzi wanne wenye simu na kompyuta wakipata wageni wawili wamekwisha kukigonga.

Bando la GB 30 linakwisha kabla ya wiki. Wageni wanasema hawaangalii chochote kikubwa. Linakwenda wapi?
*Mwenye vyumba vya kupangisha, Nansio, Ukerewe*

Huenda wanasema kweli. Simu ikiona Wi-Fi inaamini data ni ya bure: usiku inasasisha programu na kupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Video alizopiga mtu akivuka ziwa zinaweza kuwa GB kadhaa, na zinapanda yeye akiwa amelala.

Tumia hesabu. Kasi ya Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) ikitumika mfululizo saa nzima ni MB 450. Rauta inayotoa Mbps 20 bila kizuizi inaweza kumeza GB 9 kwa saa, maana yake bando lako linaisha ndani ya saa tatu na nusu tu. Ukiwawekea wageni kikomo cha Mbps 2 kwa jumla, hawawezi kuvuka MB 900 kwa saa wafanyeje. Kikomo hicho kinatosha WhatsApp, kusoma habari na video ya ubora wa kawaida kwa mtu mmoja. Wawili wakifungua video kwa pamoja itakwamakwama, na hiyo ndiyo gharama ya kulinda bando. Kitafute kwenye mipangilio ya mtandao wa wageni au palipoandikwa "Bandwidth Control" au "QoS". Rauta ikiwa na ratiba, zima mtandao wa wageni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri.

Kwenye karatasi ya msimbo ongeza sentensi moja ya ombi: mwenye Android auweke mtandao huu kuwa wa kulipia data, mwenye iPhone awashe hali ya data kidogo. Vyote viwili viko kwenye mipangilio ya mtandao husika, na vinapunguza sana hizo kazi za chinichini. Wengi watakubali wakielezwa sababu.

Nina mgahawa wa samaki ufukweni Kirumba. Karatasi niliyobandika wateja wanahangaika nayo, wengine wanasimama juu ya viti.
*Dada wa Kirumba*

Dada, pima umbali. Msimbo unasomeka vizuri kwa umbali wa takriban mara kumi ya upana wake. Wa sentimita 4 ni wa mezani, mtu akiwa sentimita 40 kutoka kwake. Mteja akiwa mita 2 kutoka ukutani, msimbo uwe na upana wa sentimita 20.

Acha ukingo mweupe pande zote, upana wa vimiraba vinne. Fundi wa stesheneri akiukata ili nembo yako ikae vizuri, kamera haitajua msimbo unaanzia wapi. Chapa nyeusi juu ya nyeupe. Rangi ya bluu ya ziwa kwenye samawati inapendeza lakini haina utofauti wa kutosha, na nyeupe juu ya nyeusi inazishinda baadhi ya simu.

Plastiki ya laminesheni inayong'aa inarudisha mwanga wa jua la jioni kutoka majini. Omba isiyong'aa, au bandika ukuta usiotazama ziwa. Mvuke na mafuta ya sato vitachafua, basi unapotengeneza msimbo kwenye kompyuta chagua kiwango cha juu cha kusahihisha makosa: cha chini kinavumilia kupotea kwa asilimia 7 hivi ya msimbo, cha juu asilimia 30. Vimiraba vinaongezeka na kuwa vidogo, kwa hiyo ukuze msimbo kidogo. Usibandike karibu na taa ya nje. Wadudu wa ziwani wakija kwa wingi watauziba.

La muhimu kuliko yote: utenganishe na msimbo wa malipo. Kaunta yenye misimbo miwili isiyo na maandishi inamchanganya mteja, na inampa tapeli nafasi ya kubandika wake juu ya wako. Andika kwa herufi kubwa "WI-FI" na "LIPA HAPA", viweke kuta tofauti, na kila asubuhi pitisha kidole uone kama kuna stika juu ya stika. Waambie wafanyakazi: msimbo wa Wi-Fi unauliza tu kama mtu anataka kujiunga na mtandao wenye jina lenu. Ukifungua ukurasa unaotaka namba ya simu au PIN, uondolewe hapo hapo.

Mtu ametumiwa msimbo kwa WhatsApp. Ausomeje na uko kwenye simu hiyo hiyo?
*Msomaji, Sengerema*

Ahifadhi picha. Kwenye Android afungue mipangilio ya Wi-Fi, aguse alama ya kuskani iliyo kando ya "Ongeza mtandao", kisha achague picha kutoka kwenye hifadhi. Simu isiyo na njia hiyo, Google Lens itausoma.

Nyumba yetu Capri Point imejengwa kwenye miamba. Banda la wageni liko nyuma ya jiwe kubwa, mita 25 hivi. Msimbo wanausoma, mtandao haufiki. Nimenunua kikuza mawimbi, bado.
*Mzee wa Capri Point*

Shikamoo mzee. Mawimbi ya Wi-Fi hayapenyi jiwe la unene ule. Yanalizunguka kidogo tu, na 5 GHz kwa shida kuliko 2.4. Kikuza mawimbi kikiwekwa bandani hakina cha kukuza, maana hata chenyewe hakipati. Kiweke pembeni ya jiwe, mahali ambapo simu bado inaona rauta kwa mistari miwili au zaidi, na banda nalo linaonekana kwa macho. Kisha angalia jina kinalotangaza: baadhi huongeza "_EXT" mwishoni, na hapo karatasi yako ya zamani haitaingiza mtu. Kipe jina na pasiwedi sawasawa na vya mtandao wa wageni.

Ukiweza gharama, vuta waya wa mtandao wa Cat6 wa nje. Unafika mita 100 bila tatizo. Upitishe ndani ya bomba la plastiki, ufunge rauta ya pili bandani. Tahadhari moja: rauta nyingi za bei nafuu zikiwekwa kuwa kituo cha kusambaza tu (Access Point), hazimtengi mgeni na mtandao wa ndani hata ukiwasha mtandao wa wageni. Ukishafunga, ingia na simu kupitia mtandao wa wageni ukiwa bandani, ujaribu kufungua ukurasa wa kamera za nyumbani. Ukifunguka, rudisha rauta ya pili kwenye hali ya kawaida na uchomeke waya kwenye tundu lake la WAN, lile la kupokelea intaneti. Kisha kwenye mtandao wake wa wageni ondoa ruhusa ya kufikia mtandao wa ndani, urudie jaribio lile lile, maana rauta nyingine bado humruhusu mgeni kufikia mtandao wa nyumba kubwa. Ukifunguka tena, usiwape wageni mtandao huo.