Mapambo ya Krismasi yakivuka tarehe 6 Januari, ni mkosi?

Ndugu uliyeuliza kama mti wa Krismasi ukibaki sebuleni baada ya tarehe 6 Januari unaleta mkosi: hapana, hauleti. Nimo kwenye kamati ya kupamba kanisa letu kwa miaka mingi, na swali hili huja kila mwaka mpya, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyekwisha kutishwa. Kuna mama mmoja aliambiwa kwamba mumewe alipoteza kazi kwa sababu ya taa zilizochelewa kushushwa. Aliyabeba maneno hayo muda mrefu, na iliniuma sana.

Tarehe yenyewe ina asili njema. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Tours, huko Ufaransa, mwaka 567, ulizitambua siku za kati ya Noeli na Epifania, yaani sikukuu ya Mamajusi kumfikia Mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, kuwa za sherehe. Ndizo zile siku 12. Ukianza kuhesabu tarehe 25 Desemba unaishia 5 Januari. Ukianza tarehe 26 unaishia 6. Ubishi wa "tano au sita" umetoka hapo, na pande zote mbili ziko sahihi.

Hofu ina historia yake. Uingereza ya zamani walipamba kwa matawi ya miti isiyopukutisha majani wakati wa baridi, na wapo walioamini kwamba pepo wa miti hujihifadhi humo, kwa hiyo wasipotolewa nje kwa wakati watasumbua nyumba au mazao. Mshairi Robert Herrick, katika shairi lililochapwa mwaka 1648, anawaonya wasichana wa kazi kwamba kila jani watakaloliacha ndani litawaletea kibwengo. Lakini tazama alikuwa anasema siku gani: mkesha wa tarehe 2 Februari! Watu wa enzi hizo waliweza kukaa na matawi yao karibu mwezi mzima baada ya siku tunayotishiwa nayo leo. Mkosi unaohamishwa tarehe namna hii mimi siwezi kuuamini.

Na nje ya Uingereza je? Wasweden huvua mti mapambo tarehe 13 Januari, siku ya Mtakatifu Knut, na watoto hula peremende zilizokuwa zimetundikwa. Wapoland wengi huacha mapambo hadi 2 Februari. Waorthodoksi wa Urusi na wa Ethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, maana yake siku unayoambiwa utupe kila kitu nje, kwao ndiyo mkesha. Malkia Elizabeth II naye aliacha mapambo ya Sandringham, nyumba yake ya mapumziko huko Uingereza, hadi 6 Februari, siku aliyofariki baba yake, Mfalme George VI, mwaka 1952.

Hatari ninayoiogopa mimi ni moto. Mti halisi uliokatwa hukauka siku hadi siku, una utomvu, na ukishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha. Ukigusa tawi sindano zikamwagika, utoe siku hiyohiyo, hata kama ni tarehe 28 Desemba na wageni bado wapo. Mti wa plastiki nao, kagua nyaya za taa.

Kanisani kwetu tunafuata liturujia: kwa kalenda ya Kikatoliki iliyotengenezwa upya mwaka 1969, kipindi cha Noeli huisha na Ubatizo wa Bwana, kwa kawaida Jumapili inayofuata Epifania. Kinachonisikitisha ni wanaobomoa pango la Noeli, lenye sanamu za Mtoto Yesu na wazazi wake, tarehe 2 Januari, Mamajusi hawajafika bado! Nyumbani kwangu mti hutoka baada ya Ubatizo wa Bwana, ila pango hubaki mpaka tarehe 2 Februari, siku ya 40, Mtoto alipotolewa hekaluni na mzee Simeoni akampokea mikononi. Hiyo ni ibada yangu, simlazimishi mtu.

Umetaja pia kwamba umeambiwa ukishachelewa ni lazima uache mapambo mwaka mzima. Hilo ni tawi jingine la imani hiyohiyo, na usilifuate. Chagua siku utakayokuwa na nafasi wewe na watoto, chomoa taa kwenye umeme kwanza, kisha anzeni kushusha kutoka juu.