Sukari Iliniangusha, na Bado Inaniuma

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimeunganisha betri na balbu kwa nyaya zilizochovywa kwenye maji ya sukari. Sukari inayeyuka yote, sioni hata chembe, mbona balbu haiwaki?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Swali hilohilo ndilo lililonikosesha alama kwenye mtihani wa kemia, miaka mingi iliyopita.

Enzi hizo nilijiona bingwa. Niliandika kwamba sukari haipitishi umeme kwa sababu haiyeyuki sawasawa. Kwenye ethanoli, ile pombe ya kawaida, nikaharibu zaidi. Niliona OH mwishoni mwa fomula, nikadai kwa mbwembwe kwamba inatoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za hidroksidi, yaani OH yenye chaji hasi, kama sodiamu hidroksidi. Mwalimu akalisoma jibu langu mbele ya darasa, watu wakaangua kicheko. Hadi leo nikikumbuka, masikio yananichoma.

Lililonipoteza ni neno "kuyeyuka". Tunalitumia kwa barafu, kwa chumvi, kwa sukari, mtu akadhani ni jambo lilelile. Sivyo. Punje ya chumvi imejengwa kwa ioni za sodiamu na kloridi tangu ikiwa kavu. Maji huzitenganisha tu, zikapata nafasi ya kutembea. Ioni chanya huelekea kathodi (ncha hasi), hasi huelekea anodi (ncha chanya), na umeme ukapita. Sukari nayo hutawanyika, lakini kila molekuli hubaki nzima, atomi zake 45 zimeshikana vilevile. Haina chaji, basi itavutwa na nani? Na ile OH ya ethanoli imefungwa kwenye kaboni kwa bondi ya kovalenti, yaani atomi zinazoshirikiana elektroni. Maji hayaifungui.

Kwa hiyo ukipewa swali, usiulize kama kitu kimeyeyuka. Uliza: humo ndani kuna nini chenye chaji kinachoweza kutembea? Na acheni kukariri, jamani! Wapo wanaoimba "kovalenti haipitishi" kama wimbo, kumbe hidrojeni kloridi ni kovalenti, lakini ikiingia majini hugeuka ioni na kupitisha umeme vizuri. Itie kwenye toluini, kimiminika kingine kisicho maji, haipitishi. Wanaokariri huanguka hapo, nami siwaonei huruma sana, maana nilionywa nikapuuza.

Svante Arrhenius wa Uswidi aliwasilisha tasnifu yake kuhusu elektroliti (vitu ambavyo vikiyeyuka majini hupitisha umeme) mwaka 1884, wakaguzi wakampa daraja la chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Sijilinganishi naye (labda kidogo tu), ila yeye alipata alama mbaya akiwa sahihi. Mimi nilikosea kweli.

Yule msomaji nimemwambia arudie jaribio kwa betri ndogo, kamwe si umeme wa ukutani. Atie sukari, aangalie. Kisha katika glasi ileile, bila kumwaga kitu, aongeze chumvi.

Amenijibu neno moja: "Imewaka."