Kabla Hujalinyanyua Gari, Fungua Kifuniko cha Rejeta

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Manyoni. "Shikamoo kaka. Nimepata Hilux Surf ya injini ya 1KZ, namba C, bodi safi sana, dalali anataka milioni 12. Naomba ushauri, nilinyanyue inchi mbili au tatu kutoka chini? Na tairi nivalishe zipi?" Akanitumia na picha saba. Nimeziangalia zote kwa makini. Bampa la chuma lipo, taa za juu zipo, keria ipo, hata mkonga upo, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka paa. Picha ya injini hakuna hata moja.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Swali lake ndilo nililouliza mimi mwaka 2021, neno kwa neno, na jibu lake nililipata kwenye mlima wa Nyang'oro, njia ya Iringa, saa nane mchana, boneti ikiwa wazi na mke wangu amekaa kwenye kivuli cha mbuyu bila kusema neno.

Nianzie nyumbani. Nina shamba la zabibu Mvumi, Dodoma. Anayeijua njia ya huko anajua ninachosema: kiangazi ni mchanga na vumbi, mvua zikianza Desemba makorongo yanashuka na maji mekundu, na gari dogo linalala upande wa pili mpaka kesho. Nilihitaji 4x4 ya kweli, yenye chesisi na gia ya polepole, na isiyokunywa mafuta. Ndiyo maana niliamua silinda nne. Ile Surf ya silinda sita ya petroli ni tamu, lakini mfuko wangu haukuwa wa kituo cha mafuta kila siku ya tatu. Kwenye silinda nne nilikuwa na njia mbili: 3RZ ya petroli, lita 2.7, inayotumia cheni ya taimingi, au 1KZ-TE ya dizeli, lita 3 yenye turbo. Nikachagua dizeli kwa sababu ina nguvu chini, na mchangani unataka nguvu ya chini.

Uchaguzi ule sijaujutia. 1KZ ni injini nzuri sana. Ila ina ugonjwa mmoja ambao kila fundi wa dizeli anaujua: bloku yake ni ya chuma, silinda hedi yake, kile kichwa cha injini kinachobeba vali, ni ya aluminiamu, na hedi ile haisamehi joto. Ikichemsha mara moja vibaya, inapasuka katikati ya vali. Mimi nililijua hilo. Nilikuwa nimelisoma. Na bado siku ya kununua sikuligusa.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Dalali akanipigia saa tatu asubuhi, "Bosi wangu njoo haraka, kuna mtu wa Singida yuko njiani na hela." Nikamchukua fundi niliyeelekezwa na mtu, tukaenda Kizota. Tulipofika gari lilikuwa limeoshwa mpaka injini, linang'aa, na lilikuwa linaunguruma tayari. Mwenye gari akasema ametoka kuliosha muda huohuo. Fundi akasikiliza, akakanyaga mafuta mara tatu, akanitazama akaitikia kwa kichwa kwamba iko vizuri. Nikalipa milioni 13 na laki mbili. Miezi mingi baadaye nikaja kujua kuwa fundi yule alipata fungu lake kwenye cha juu cha dalali. Nimemsamehe, nimesema mara nyingi kwamba nimemsamehe, lakini nikipita mtaa ule bado nafunga kioo.

Injini ya gari unalokwenda kununua isiwe imewashwa kabla hujafika. Hilo ndilo ningependa mtu aniambie siku ile kuliko habari ya inchi mbili au tatu. Injini ya baridi inasema ukweli. Ukiikuta ya baridi unafungua kifuniko cha rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kwa mkono wako, unaangalia maji: yakiwa na rangi ya kutu, au yana mafuta juu, unajua. Kisha kifunge, mtu awashe wewe ukiwa umeshika bomba la juu la rejeta. Likijaa na kuwa gumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili, injini haijapata hata joto, ujue moshi wa ndani unapita kwenye maji. Au awashe kifuniko kikiwa wazi: mapovu yakitoka mfululizo, vilevile. Kuna mafundi wana kifaa chenye kimiminika cha bluu kinachobadilika rangi kikikutana na moshi wa injini kwenye rejeta. Ukimpata mwenye nacho, mlipe kwa furaha. Injini ikishakuwa ya moto yote haya unayakosa, kwa sababu kufungua kifuniko ni hatari na bomba gumu ni jambo la kawaida.

Mimi sikuangalia hata moja. Nilikuwa naangalia ile tairi ya ziada iliyoning'inia nyuma, nawaza keria.

Wiki mbili baadaye gari lilikuwa gereji kwa ajili ya urembo. Wakati ule sikuuita urembo. Nikaweka springi na shokapu za kunyanyua inchi tatu. Tairi za kawaida za Surf ile, 265/70R16, nikazitoa nikavalisha 285/75R16 za matope. Bampa la chuma, na mbele ya grili taa nne kubwa za duara. Juu keria nzito ya mabomba na tairi ya akiba. Jumla milioni 6 na laki nne, nyingine nilikopa kwenye Saccos. Na ninakiri gari lilipendeza. Pale car wash ya Area D vijana waliacha kazi wakaja kupiga picha. Nilijisikia mtu.

Mkumbuke, katika hizo milioni 6 hakuna shilingi iliyogusa rejeta.

Oktoba tukaenda Iringa kwenye harusi ya shemeji yangu. Dodoma mpaka Mtera barabara ni lami, tambarare, mshale wa joto umelala katikati kama kawaida yake. Pale Mtera jua lilikuwa linachoma hasa. Tukavuka bwawa, tukaanza Nyang'oro tukiwa watu watano na mizigo juu. Ule mshale wa Toyota una tabia moja ambayo sikuijua: unakaa katikati kwa joto la aina nyingi, ili dereva asihangaike, na ukiona umeanza kupanda ujue mambo yameharibika muda kidogo uliopita. Wangu ulipanda ndani ya kona mbili. Nguvu ikakata, mvuke ukatoka pande zote za boneti. Dereva wa Fuso aliyesimama kutusaidia alinishika mkono nilipotaka kufungua kifuniko. "Mzee, utaungua uso." Akatuvuta mpaka Iringa. Ndoa ilikuwa imeshafungwa. Mama mkwe hakunilaumu hata kidogo, alinipa maji ya kunawa, na hilo liliniumiza zaidi.

Fundi wa Iringa, mzee mtaratibu, alifungua hedi akanionyesha nyufa. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona fundi mwingine akilifanya: alifungua tangi la juu la rejeta akaniita nitazame. Zaidi ya nusu ya vijibomba vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe. Ninyi wa Dodoma mnaujua ukoko ule. Ni uleule ulioko ndani ya birika lenu la chai. Maji yetu yana chumvi, na mwenye gari wa kwanza alikuwa anajaza maji ya bomba miaka yote, hajawahi kuweka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Rejeta ilipoanza kuziba, fundi wake akatoa thamostati, ile vali inayosubiri injini ipate joto ndipo ipitishe maji kwenda kwenye rejeta, akaitupa. Ndiyo dawa ya mtaani: toa thamostati, gari halitachemsha. Kweli, kwenye tambarare halikuchemsha. Ugonjwa ukafichwa mpaka ukakutana na mlima, mzigo, na mimi.

Nami nilikuwa nimeusaidia. Taa nne na bampa vilikuwa vinazuia upepo usifike kwenye rejeta. Keria na mzigo viliongeza uzito. Na tairi kubwa, hili watu hawalipigi hesabu: 285/75 ina kimo cha karibu milimita 834, ya kawaida ni 777. Ni kama asilimia 7 zaidi. Maana yake kila gia imekuwa nzito kwa kiasi hichohicho, injini inasukuma kwa shida zaidi, na dashibodi inakudanganya. Ukiona 50 kijijini, wewe unakwenda karibu 54, na askari wa tochi hasomi dashibodi yako. Nimelipa 30,000 mara mbili kabla ya kulielewa jambo hilo.

Miezi mitatu ya gereji siisimulii. Hedi mpya, gasketi, rejeta mpya, mkopo uleule wa Saccos ukiendelea kukatwa.

Sasa ndugu zangu, mnisikilize. Vijana wetu wa Dodoma tunapenda gari lionekane limefika msituni kabla halijatoka Kisasa. Tunaona aibu kutumia laki saba kwenye rejeta kwa sababu hakuna atakayeiona, tunatumia milioni mbili kwenye tairi kwa sababu kila mtu ataziona. Mkeo na watoto wamo ndani ya gari hilo. Fedha unayoinunulia taa za kumulika wenzako si yako peke yako. Na vimulimuli vile trafiki watavitoa barabarani, utavirudisha nyumbani kwenye mfuko. Anza na vinavyolifanya gari lirudi. Mimi ningefanya hivi: wiki ya kwanza rejeta, thamostati, mabomba yote ya maji, feni na kilachi yake, kulanti iliyochanganywa na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), kamwe si ya bomba. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake, badilisha hata kama umeapiwa kwamba ni mpya. Kwenye 1KZ taa yake ya dashibodi huwaka kila kilomita 100,000, lakini kilomita za dashibodi za magari haya ziliisha kuaminika zamani. Halafu breki. Halafu bushi na boljointi. Halafu, kama bado una hela na bado una hamu, ndipo kunyanyua.

Na kunyanyua kwenyewe inchi mbili zinatosha. Mbele ya Surf kila tairi ina mkono wake na shafti yake, na ukizidisha, shafti zinakaa kwa pembe kali, mipira ya jointi inapasuka, vumbi la Mvumi linaingia, umekwisha. Angalia urefu wa mabomba ya breki. Taa za mbele zishushwe maana sasa zinamulika macho ya watu. Mimi nimeshuka kutoka tatu mpaka mbili, nimerudi kwenye 265/70, nimetoa taa mbele ya grili, na keria nimemuuzia mtu wa utalii. Nilichoongeza ni geji ya joto ya pembeni yenye kengele, iliyofungwa kwenye hedi yenyewe. Mchangani ninapunguza upepo wa tairi mpaka psi 18 hivi na ninatembea na pampu ndogo ya kujazia, sepetu, na kamba nzuri. Tangu hapo sijakwama mchangani. Kwenye udongo mweusi wa Bahi wakati wa masika hakuna tairi wala inchi, usiingie tu. Mkonga nao ni mzuri kwa vumbi, unavuta hewa ya juu iliyo safi kidogo, lakini usikudanganye ukavuka korongo lenye maji yanayokimbia. Maji yakikuzidi nguvu yanalibeba gari, na mkonga wake.

Karatasi nazisema kwa ufupi: namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, deni la faini liangaliwe, na umiliki uhamishwe TRA kabla hujanunua hata boliti moja.

Jumamosi iliyopita tumetoka Iringa. Tumepanda Nyang'oro saa ileile na kurudi, watu watano, geji imesoma nyuzi 92 ikashuka 89. Mke wangu aliitazama njia nzima. Tulipofika Mtera akasema, "Simama hapo tununue perege." Ni mara ya kwanza amekubali nizime injini safarini bila kuniuliza kama itawaka tena.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Manyoni, sijakujibu habari ya inchi. Kesho usimpigie dalali. Nenda saa kumi na mbili asubuhi bila taarifa, uombe boneti ifunguliwe, uweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani. Ikiwa ya baridi, nipigie kabla hawajaiwasha, nami nitakaa nawe kwenye simu mpaka kifuniko cha rejeta kifunguliwe.