Bingwa akistaafu, kwa nini madereva wa timu nyingine nao wanahama?

Swali: Mwaka 2019 Jorge Lorenzo, dereva wa mbio za pikipiki za MotoGP, alitangaza kustaafu akiwa Honda. Nilidhani Honda watatafuta mtu mmoja wa kuziba pengo na mambo yataishia hapo. Badala yake wakampandisha Álex Márquez kutoka Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, timu aliyotoka nayo ikachukua dereva wa timu nyingine, na siku chache baadaye Karel Abraham wa timu ya Avintia akaambiwa hana kazi wakati mkataba wake bado upo. Inakuwaje mtu mmoja akistaafu, timu nne au tano zinavurugika? Na kwa nini Honda hawakuchukua dereva mzoefu?

Jibu: Ndugu msomaji, anza kwa kuangalia tarehe. Bingwa akitangaza kustaafu katikati ya msimu, timu yake inapata muda wa kuchagua inayemtaka. Akitangaza mwishoni, timu inachukua anayepatikana, na huyo anayepatikana karibu kila mara anatolewa mahali fulani. Mengi ya yale uliyoyaona mwaka 2019 yanatokana na hilo.

Lorenzo, bingwa wa dunia mara 5, alitoa tangazo lake Valencia siku ya Alhamisi, Novemba 14. Mbio za mwisho za msimu zilikuwa Jumapili, Novemba 17. Jumanne na Jumatano zilizofuata, Novemba 19 na 20, timu zote zilikuwa zinaanza majaribio ya pikipiki za 2020 kwenye uwanja huohuo. Hesabu mwenyewe: Honda walikuwa na siku zisizofika tano kumpata mtu, kumalizana na timu yake, kumshonea suti na kumwandalia pikipiki.

Kwa nini wasisubiri hadi Januari? Kwa sababu kuanzia Desemba hadi mwisho wa Januari kanuni zinakataza majaribio. Baada ya Valencia ya 2019 kulikuwa na siku mbili nyingine Jerez, Novemba 25 na 26, halafu kimya hadi Februari kule Sepang, Malaysia. Kwa dereva mgeni wa daraja la juu, zile siku nne za Novemba hazina mbadala. Ndipo anapogusa breki za kaboni kwa mara ya kwanza, kisha anarudi nyumbani na miezi miwili ya kutafakari alichokihisi na kuuandaa mwili. Akizikosa, anaingia Februari akiwa nyuma ya wenzake wote. Mafundi nao wanazitegemea, maana data ya siku hizo ndiyo wanayoitumia kuamua fremu na injini ya msimu unaofuata, na pikipiki isiyo na dereva haitoi data.

Sasa tuje kwenye mikataba. Mashindano haya hayana dirisha la usajili kama la mpira wa miguu. Mikataba ya timu za viwanda, yaani timu za watengenezaji wa pikipiki wenyewe, mara nyingi ni ya miaka miwili, na kwa kipindi kile mingi ilikuwa inaisha mwisho wa 2020. Hata Lorenzo mwenyewe alikuwa amebakiza mwaka mmoja, wakakubaliana na Honda kuuvunja. Kwa hiyo Novemba 2019 karibu kila dereva mzoefu uliyekuwa unamfikiria alikuwa amefungwa kwingine. Cal Crutchlow alikuwa ndani ya familia ya Honda kwenye timu ya LCR, lakini kumhamisha kungefungua pengo LCR na tatizo lingebaki palepale.

Mzoefu aliyekuwa huru kweli alikuwa mmoja tu, Johann Zarco, bingwa wa Moto2 wa 2015 na 2016. Alikuwa ameachana na KTM msimu ukiwa unaendelea, na mbio tatu za mwisho alikuwa anaendesha Honda ya LCR badala ya Takaaki Nakagami, aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa bega. Jina lake lilitajwa sana. Honda wakamchagua Álex Márquez, wakatangaza Novemba 18, na kesho yake akapanda pikipiki.

Wengi walisema ni undugu, kwa kuwa kaka yake, Marc Márquez, ndiye aliyekuwa bingwa na nguzo ya timu. Sitakataa kwamba jina lilisaidia. Ila tazama hali ya Honda wakati ule. Msimu wa 2019 Marc alivuna pointi 420, Lorenzo akapata 28. Timu yenye dereva wa aina hiyo haikuwa inatafuta wa kushindana naye. Ilihitaji mtu atakayekubali pikipiki jinsi ilivyo na kujifunza taratibu. Álex alikuwa ndiyo kwanza amenyakua ubingwa wa Moto2 mwanzoni mwa mwezi huohuo kule Malaysia, na alishawahi kuwa bingwa wa Moto3, daraja lililo chini ya Moto2, mwaka 2014 akiendesha Honda. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa na mantiki ya kiufundi, na niko tayari kuutetea.

Hapa inabidi nikae kidogo kwenye pikipiki yenyewe, maana ndiyo inayoeleza kwa nini huwezi kumtoa dereva mzuri popote na kumweka popote. RC213V, pikipiki ya Honda ya MotoGP, ilikuwa imekua ikimfuata Marc: ngumu sehemu ya mbele, inayotaka dereva afunge breki akiwa tayari ameinama ndani ya kona na avumilie gurudumu la mbele linapoanza kuteleza. Lorenzo alilelewa kwenye Yamaha, pikipiki inayopenda kona ndefu, mkono laini na mwendo usiokatika. Alipokwenda Ducati ilimchukua zaidi ya mwaka kuizoea, na kilichomsaidia kinaweza kumshangaza asiye fundi: umbo la tangi la mafuta. Lilipobadilishwa mwaka 2018, alipata mahali pa kuegemeza mwili anapofunga breki, mikono ikaacha kuchoka kabla ya mbio kuisha, akashinda Mugello, kisha Catalunya, kisha Austria. Lakini wakati huo alikuwa ameshasaini Honda. Mwaka 2019 alisafiri hadi Japani kushughulikia mkao na wahandisi wa HRC, kitengo cha mbio cha Honda, na muda mfupi baadaye akaanguka Assen na kuvunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Alirudi Silverstone mwezi Agosti, ila hakuwa yule tena. Mwenyewe alieleza kwamba wazo la kuacha lilimjia akiwa bado anabiringika kwenye changarawe pale Assen.

Kwa dereva wa Moto2 umbali ni wa aina nyingine. Mwaka 2019 Moto2 ilikuwa inatumia injini ya Triumph ya cc 765, nguvu ya farasi kama 140 hivi, breki za chuma na matairi ya Dunlop. MotoGP ilikuwa cc 1000, nguvu zaidi ya 250, uzito usiopungua kilo 157, breki za kaboni ambazo zikiwa baridi hazishiki, na matairi ya Michelin. Dereva anayetoka chini ana mengi ya kujifunza, lakini hana mazoea ya pikipiki nyingine kubwa ya kuyasahau. Mzoefu wa Yamaha au KTM anayo, na kuyasahau kunaweza kumla msimu mzima. Álex alianza vibaya mwaka 2020, halafu akashika nafasi ya pili Le Mans kwenye mvua na ya pili tena Aragón kwenye lami kavu. Marc alikuwa ameumia mkono katika mbio za kwanza na hakurudi mwaka ule, kwa hiyo nafasi hizo mbili ndizo zilizoipeleka timu ile jukwaani msimu mzima.

Rudi sasa kwenye mnyororo ulioniuliza. Álex alikuwa tayari na mkataba wa 2020 na Marc VDS kwenye Moto2, na timu ikamruhusu aondoke. Ikamchukua Augusto Fernández kutoka timu ya Pons. Pons nao wakampa nafasi Héctor Garzó. Unaona jinsi pengo linavyoshuka: kila anayeziba anaacha jingine nyuma yake, hadi lifike kwa kijana ambaye hakuwa na nafasi ya kudumu kwenye daraja hilo. Pale ndipo linapokoma, kwa sababu hakuna anayebaki nyuma yake.

Kisa cha Abraham ni tofauti, na hapa nakusahihisha kidogo. Hakikutokana na Lorenzo peke yake. Kuna minyororo miwili iliyokutana. Wa kwanza ulianzia KTM, pale Zarco alipoondoka: Brad Binder, aliyekuwa ameandaliwa kwenda Tech3, timu ya pili ya pikipiki za KTM, akapelekwa timu ya kiwanda, na nafasi yake Tech3 ikaenda kwa Iker Lecuona. Zarco akabaki hewani. Mlango wa Honda ulipofungwa Novemba 18, dereva wa kiwango chake alikuwa bado anatafutwa na Ducati, na nafasi iliyoweza kupatikana kwenye pikipiki za Ducati ilikuwa ya Avintia. Abraham ndiye aliyekuwa amekaa pale. Mkataba unamlinda dereva ili alipwe au asikilizwe, lakini haumlindi abaki kwenye pikipiki ikiwa timu na kiwanda vimeamua vingine. Naona alitendewa vibaya, hasa kwa namna alivyoipata habari akiwa anajiandaa kwa majaribio. Kimichezo, Zarco alijibu Agosti 2020 kule Brno: alianza wa kwanza na kumaliza wa tatu akiwa na Ducati hiyohiyo ya Avintia. Mshindi wa siku ile alikuwa Binder, ushindi wa kwanza wa KTM katika MotoGP.

Linganisha na kustaafu kwa Casey Stoner. Stoner alikuwa bingwa mtetezi, mataji ya 2007 na 2011, na alitangaza mapema mno: Mei 2012, Le Mans, msimu ukiwa ndiyo umeanza. Honda wakakaa, wakapima, na mwezi Julai wakatangaza kuwa nafasi yake itachukuliwa na Marc Márquez kutoka Moto2. Palikuwa na kikwazo cha kanuni, kwa kuwa tangu 2010 mgeni wa daraja la juu hakuruhusiwa kuanzia timu ya kiwanda, lakini kikaondolewa katikati ya msimu huohuo. Mikataba mingi mikubwa nayo ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka. Valentino Rossi akatoka Ducati kurudi Yamaha, Andrea Dovizioso akaenda Ducati. Watu walihama wengi kuliko 2019, lakini hakuna aliyetolewa kwenye kiti chake wiki ya mwisho. Marc akapata miezi kadhaa ya kujua anakwenda wapi, na mwaka 2013 akatwaa ubingwa akiwa na miaka 20.

Rossi mwenyewe, mwenye mataji 9, alitangaza Agosti 5, 2021, nchini Austria. Hiyo ni tarehe ya kati, si mapema wala si mwisho, na kwa hali ya kawaida ingetosha. Bahati mbaya kila kitu kilichomzunguka kilikuwa kinabomoka. Maverick Viñales alikuwa anaachana na Yamaha, Franco Morbidelli akapandishwa timu ya kiwanda, Dovizioso akaletwa kujaza nafasi kuanzia Misano, na Petronas, mdhamini wa timu ya Rossi, alikuwa anaondoka. Timu ikazaliwa upya kwa jina la RNF, na nafasi ya Rossi ikaenda kwa Darryn Binder, mdogo wake Brad, akiruka kutoka Moto3 moja kwa moja hadi MotoGP bila kupita Moto2. Kijana alijitahidi, ila mzigo ule ulikuwa mzito mno kwake, na mwaka mmoja baadaye akashushwa Moto2. Hapo ndipo unapoona kwamba hata tarehe nzuri haisaidii kama timu yenyewe haijui mdhamini wake wa kesho ni nani.

Kuna mtu mmoja ambaye wasomaji humsahau katika hesabu hizi: dereva wa majaribio. Bingwa anayestaafu habebi tu mataji, anabeba kichwani ujuzi wa miaka mingi kuhusu pikipiki, na viwanda vinautaka. Januari 2020 Lorenzo alichukuliwa na Yamaha kwa kazi hiyo. Julai mwaka huo Honda wakatangaza kumleta Pol Espargaró kutoka KTM na kumhamishia Álex LCR kwa msimu wa 2021. Aliyetolewa LCR ni Crutchlow, naye akaenda Yamaha kuchukua kazi ya majaribio aliyokuwa nayo Lorenzo. Kisha Dovizioso alipoamua kuishia Misano Septemba 2022, mbio sita zikiwa bado, Yamaha hawakugusa timu ya mtu yeyote. Walimpandisha Crutchlow kwenye pikipiki hiyo hadi msimu ukaisha. Kanuni zinaidai timu ijitahidi kupata mbadala haraka dereva anapoondoka, na kiwanda chenye dereva wa majaribio aliye fiti kinaweza kulitimiza hilo bila kuanzisha mnyororo.

Kwa hiyo safari nyingine ukisikia bingwa anastaafu, angalia mambo matatu kabla ya kutafuta jina la mrithi: imebaki siku ngapi hadi majaribio ya Novemba, mikataba ya wengine inaisha lini, na dereva wa majaribio wa kiwanda hicho ni nani. Ukishayajua hayo, orodha ya wanaoweza kuhama inabaki fupi sana.