Watu wengi mlangoni si wateja: fremu ipi ya duka la vifaa vya ujenzi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Katubuka, hapa Kigoma Ujiji. Nataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi: saruji, bati, nondo, misumari na rangi. Nimepata fremu mbili. Moja iko Mwanga, jirani kabisa na soko, kodi ni 250,000 kwa mwezi, na mpangaji anayetoka anadai kilemba, yaani hela ya kuniachia nafasi, milioni mbili. Nyingine iko barabara ya kwenda Mwandiga, kodi 100,000, ila pamepoa, na dalali anasema wapangaji watatu wameshindwa pale. Eti pana nuksi, na anamjua mtu wa kupasafisha. Zote mbili wanataka kodi ya mwaka mzima. Nichukue ipi, na mkataba uwe wa muda gani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Umenitajia kodi, kilemba, mpaka nuksi, lakini hujaniambia mteja wako ni nani na mzigo wake ataubebaje. Karibu kila anayekuja kuniuliza habari za fremu huja hivyo hivyo. Amesimama mlangoni, amehesabu wanaopita, amemaliza utafiti.

Anayepita soko la Mwanga saa nne asubuhi ameshika kikapu. Amefuata dagaa, mchele, mafuta ya mawese. Wapite hata elfu, hakuna atakayegeuka akanunua nondo kwa kuwa ameziona. Vifaa vya ujenzi hununuliwa na mtu mwenye kiwanja, na mara nyingi ni fundi wake anayemwelekeza duka. Fundi humpeleka pale anapojua mzigo upo, bei haibadiliki kila akigeuka, na guta au kirikuu kinapata pa kusimama wakati wa kupakia. Hao ndio wa kuhesabu. Zunguka kilomita mbili au tatu kutoka kila fremu, tazama misingi mipya, kuta ambazo hazijaezekwa, matofali yaliyopangwa kando ya njia. Ongea na mafundi, uwaulize wananunua wapi na kitu gani hukikosa huko. Siku mbili za kazi hiyo zitakupa zaidi ya mwaka wa kusikiliza dalali.

Kisha fikiria mzigo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na lori halileti mifuko mitano. Pale sokoni litasimama wapi? Utashushia mbali, utawalipa wabebaji, na malipo hayo yatarudi kila mzigo unapoingia ingawa hayamo kwenye kodi uliyotajiwa. Nondo huwa na urefu wa mita 12. Hata zikikunjwa zinataka uwanja, si chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Halafu kuna maji. Mji wetu umekaa kwenye miteremko, na mvua za Novemba hadi Aprili zikishuka, maji yote yanalitafuta ziwa. Nenda kwenye fremu siku ya mvua kubwa, au tafuta mstari wa matope chini ya ukuta. Saruji ikipata unyevu huganda ndani ya mfuko, na hasara ni yako, si ya mwenye nyumba.

Hata kwa biashara zinazoishi kwa wapita njia, jiulize umati umeletwa na nini na unaweza kuondolewa na nini. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Fikiria mama ntilie aliyepanga Kibirizi, kule mwaloni, kwa kuhesabu wavuvi na wachuuzi wa samaki: kodi yake haikufungwa. Na ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, maji yalifika kwenye majengo ambayo watu waliyaona yako mbali na ufukwe.

Kwa maelezo yako, mimi ningeegemea barabara ya Mwandiga. Lakini si kabla ya kujua kwa nini hao watatu waliondoka.

Hapa ndipo ninapochoka kabisa. Watu watatu wameshindwa, na badala ya kuwatafuta tuwaulize, tunatafuta mganga! Walikuwa wanauza nini? Mtaji wao ulikuwa kiasi gani? Mwenye nyumba alipandisha kodi biashara ilipoanza kushika? Wako mjini humu humu, watakueleza kwa soda moja. Kisha ukague kuta. Ile ni barabara kuu, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Jengo lililowekwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, linahesabiwa limeingia kwenye hifadhi, na mwenyewe hana fidia; la X ya kijani ndilo hufikiriwa fidia. Rangi mpya ukutani inaweza kuifunika X, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Uliza ofisi ya Wakala wa Barabara (Tanroads) mkoa, na idara ya mipango miji pale Manispaa. Mganga hana ramani hiyo.

Kilemba cha Mwanga usilipe. Anayetoka anaweza kukuuzia mashelfu yake, lakini nyumba si yake, na mwenye nyumba asiposaini, hizo milioni mbili hazimfungi kwa lolote.

Kuhusu mkataba, omba miaka miwili yenye haki ya kuongeza muda, kodi ya nyongeza iandikwe tangu leo, na upiganie kulipa miezi sita sita. Ila muda si tatizo kubwa. Tatizo ni nani anasaini. Nyumba nyingi za Ujiji na Mwanga ni za urithi. Mdogo wake marehemu anachukua kodi ya mwaka, miezi mitatu baadaye wanatokea warithi wengine na kufuli lao. Kama mwenye hati amefariki, mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Dai uione barua yake ya uteuzi. Kama fremu imetolewa kwenye nyumba wanayoishi mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake, basi wote wawili wasaini. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mlikutana, haumpi mtu umiliki asiokuwa nao.

Mkataba uulipie ushuru wa stempu Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, maana usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Na kwa kuwa unapanga kwa ajili ya biashara, asilimia 10 ya kodi ya pango unaizuia wewe na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Akisema hataki mambo hayo, jua kwamba siku ya ukaguzi utaulizwa wewe. Mliweke hilo sawa kabla hujatoa hela, kwa maandishi.

Wapo madalali waaminifu, nafanya nao kazi. Lakini anayedai hela kabla hujakutana na mwenye nyumba, anayekataa usiongee na mpangaji aliyetoka, anayeuza fremu na dawa ya kuisafisha kwa pamoja, huyo usimpe hata nauli. Na akikuambia kuna mtu anakuja jioni na fedha taslimu, mwache huyo alipe, wewe nenda ukasome hati kwanza.