Kabla hujakimbilia kusajili kiondo cha nyanya yako

Nilikuwa na fomu mkononi, picha sita za kiondo, na pesa nilizodunduliza miezi mitatu. Nilitaka kusajili kwa jina langu ule msuko wa mistari inayopanda mshazari kutoka kitakoni hadi ukingoni. Wiki hiyo nilikuwa nimeukuta umechapwa kwenye mfuko wa plastiki, katika duka moja la hapa Nairobi. Nikawaka. Msuko huo nimekua nikiuona mikononi mwa susu, yaani nyanya yangu kwa Kikamba, akisokota uzi wa katani pajani mpaka ngozi ya pale ikawa sugu.

Wakili mmoja jirani yangu huku Umoja aliisoma ile fomu, akaniuliza, "Huu msuko umeubuni wewe?"

Nikanyamaza.

Akanieleza kwamba usajili wa muundo wa bidhaa pale KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya ya kusajili hataza, miundo na alama za biashara, ni wa kitu kipya. Unapewa miaka 5, unaruhusiwa kuongeza mara mbili, ikifika 15 basi. Msuko ambao wanawake wa Ukambani wamerithishana vizazi na vizazi haukuwa na upya wowote. Na hata ningepenya, ningekuwa nimefanya kile kile nilichomlaumia mwenye mifuko. Tofauti yetu ingekuwa kwamba mimi ni mjukuu.

Jumamosi hiyo nikaenda Mwala kumsimulia susu. Hakuinua macho kwenye uzi. "Na aliyenifundisha mimi, umemwandika wapi?"

Kwa hiyo ndugu yangu, kama una kitu cha kwenu unataka kukilinda, anza kwa kuuliza ni cha nani. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Mwenye mali humo ni jamii, na anayetaka kuitumia kibiashara anatakiwa kupata ridhaa yao kwanza. Ulinzi wenyewe haungoji cheti. Ila siku ya kubishana, usipokuwa na ushahidi utabaki kusema "lakini ni yetu" kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

Sisi wa kikundi cha wasusi kule kwa susu tulinunua daftari la kurasa 200. Kila msuko una ukurasa wake: picha, tarehe, jina lake kwa Kikamba, nani alimfundisha nani. Kina mama walibishana alasiri nzima kuhusu jina la msuko mmoja tu, na majina yote mawili tukayaandika. Mnunuzi akitaka sampuli, anaandika atautumia wapi, kwa muda gani, atalipa nini, na kama atataja ulikotoka. Wawili waliondoka walipoona kalamu. Sikuwalilia.

Sheria imezipa pia serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista ya maarifa haya. Itumieni, lakini kwa dawa za miti shamba na mambo ya siri kaeni na wazee kwanza, mkubaliane kinachoandikwa na kinachobaki vichwani mwenu.

Kama mnauza kwa jina la mahali, kuna njia nyingine: alama ya pamoja, yaani alama ya biashara inayotumiwa na wanachama wa kikundi. Vikapu vya Taita vimesajiliwa hivyo. Alama hailindi msuko, inalinda jina, na kwa biashara jina ni nusu ya mali. Kumbukeni kikoi: kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake huko kwao. Ombi likapingwa, likaanguka.

Nisikudanganye, sheria yetu haivuki mpaka. Mfuko ukichapwa ng'ambo na kuuzwa huko huko, daftari letu halimfikii mtu. Mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024 unahusu hataza, yaani haki za mvumbuzi, zinazotokana na mimea, vijidudu na maarifa yanayoambatana nayo, vyondo havimo.

Na lile duka? Tuliwaandikia barua kwa jina la kikundi, tukaambatisha nakala za daftari. Mifuko imetolewa kwenye rafu, jibu hawajatupa. Kwa sasa tuna shughuli nyingine: wanawake wa kijiji cha pili wamesikia habari za daftari, wanasema ule mshazari ulianzia kwao. Tumewaalika Jumapili ijayo, na susu ameagiza waje na vyondo vyao vya zamani.